Aiskrimu ya Ubuyu kwa Elfu Kumi na Nane

Kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya wanafunzi, chini ya ratiba ya ligi ya mabweni, limebandikwa pendekezo la Wizara ya Afya na Chakula. Linataka ile kantini ndogo iliyofungwa tangu muhula uliopita ikodishwe kwa mwekezaji atakayefungua mgahawa wa “vitindamlo na vinywaji vya asili, kwa malighafi za ndani na endelevu”. Bunge letu litalijadili Alhamisi ijayo. Wengi niliowasikia wanalipigia makofi, hasa kwa sababu ya picha zilizoambatanishwa: glasi ndefu ya juisi nyekundu yenye jani la mnanaa juu, na kipande cha keki kilichonyunyiziwa unga wa ubuyu kama vumbi la chaki.

Naunga mkono juisi. Naunga mkono hata keki. (Neno kitindamlo wengi wetu tulikutana nalo kwenye mtihani kabla hatujakutana nacho mezani, kwa hiyo si vibaya tukionja.) Ninachopinga ni masharti yaliyoandikwa kuanzia ukurasa wa pili, ambao naona wachache wamefika. Yakipita kama yalivyo tutaletewa mgahawa unaouza jina la mkulima bila mkulima mwenyewe kuwemo, na papo hapo tutawafukuza getini watu ambao tayari wanauza vitu hivyo hivyo kwa bei tunayoiweza.

Sisemi kwa kubahatisha. Nasoma utalii na ukarimu, na mwaka jana field yangu ya wiki 8 niliifanyia kwenye jiko la mgahawa mmoja kule Msasani unaojitangaza kwa maneno karibu yale yale. Sitautaja jina. Nilipangwa upande wa vitindamlo na vinywaji, na kusema kweli nilijifunza mengi mazuri pale kuliko muhula mzima wa slaidi.

Chukua ubuyu. Tunda la mbuyu hukauka likiwa bado mtini, kwa hiyo halihitaji mtambo wa kukaushia. Ukilivunja unakuta unga mweupe umeshikamana na mbegu, tayari. Mti haumwagiliwi maji, na kuokota tunda hakuuui mti. Mtu akitaka mfano wa chakula kinachovumilia ukame wa Dodoma na Singida, huo hapo. Mpishi mkuu wa pale, mama mmoja mkali kidogo ambaye jikoni wote tulimwita Shangazi, alinifundisha kuuloweka kwenye maji ya kawaida na kuukoroga mpaka unga uachane na mbegu, halafu kuchuja, bila kuupeleka motoni, maana vitamini C haipendi moto. “Mwanangu, ubuyu hauchemshwi kama maharage,” alikuwa akisema. Juisi yake ilikuwa nzito, chachu, na ukishaionja ile ya kuchemshwa unaona imechoka.

Umoja wa Ulaya uliuruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, Marekani ikafuata mwaka 2009. Sisi wakati huo tulikuwa shule ya msingi tunamung'unya ule mwekundu wa Zanzibar, wenye sukari, iliki na pilipili kidogo, tukirudi nyumbani na ndimi kama tumekunywa wino. Baadaye ubuyu ukapanda cheo. Pale Msasani ulikuwa aiskrimu, ikiletwa kwenye kibakuli cha kifuu cha nazi, juu imevunjiwa kashata ya korosho. Bei yake shilingi 18,000. Juisi ya rozela na karafuu, 9,000.

Sasa fanya hesabu ya bumu. Posho yetu ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kibakuli kimoja cha aiskrimu ya tunda linaloanguka lenyewe chini ya mti ni zaidi kidogo ya siku moja na robo tatu ya kula na kulala.

Sisemi mgahawa ule ulikuwa wa wizi. Kuna kodi ya pango Msasani, umeme wa mafriji, mishahara, VAT. Nilichotaka kujua ni kiasi gani cha hiyo 18,000 kinarudi Dodoma. Nikamuuliza kaka wa stoo. Akaniambia ubuyu unanunuliwa Kariakoo kwa kiroba, kutoka kwa dalali, ambaye naye ananunua kwa dalali mwenzake. Kwenye menyu palikuwa na picha ya mama mwenye kilemba amesimama chini ya mbuyu, anacheka. Niliuliza jikoni, niliuliza kaunta. Hakuna aliyemjua.

Kisa cha nazi ndicho kilichonifungua macho zaidi. Menyu ilisema keki ya muhogo imepikwa kwa “nazi za pwani yetu”. Nilipoanza field hilo lilikuwa kweli: kijana mmoja alizileta kwa pikipiki kutoka Mkuranga, tunazikuna asubuhi na kukamua tui. Wiki ya tatu mhasibu akamwita. Bila risiti ya EFD gharama za nazi haziingii kwenye vitabu, akamwambia, na malipo kuanzia sasa ni baada ya siku 45, kama kwa wauzaji wengine wote. Mhasibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafuata utaratibu wake. Lakini mtaji wa yule kijana ulikuwa ni mzigo mmoja wa pikipiki. Akiuacha ulale siku 45, kesho yake hana cha kununulia nazi nyingine. Akaacha kuja. Nafasi yake ikachukuliwa na tui la boksi lililovuka bahari, kwa sababu msambazaji wa maboksi ana mashine ya risiti na ana ubavu wa kusubiri hela. Keki ikaendelea kutoka, tamu tu. Maneno kwenye menyu hayakubadilishwa.

Ndiyo maana nikisoma pendekezo letu sishtuki na neno “endelevu”. Nashtuka na kifungu cha malipo, ambacho kinasema mwendeshaji “atakubaliana na wasambazaji kwa utaratibu wake”. Utaratibu wake tunaujua.

Kuna wanaosema mkulima hana namna, soko ndilo linaamua. Tazameni kakao ya Kyela. Kule zao linauzwa mnadani, kupitia vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani. Mfumo una lawama zake, wenzetu wanaotoka Mbeya watawaambia, hasa habari ya kusubiri malipo. Ila bei inatamkwa hadharani. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipopaa mpaka kuvuka dola 10,000 kwa tani, wakulima wa Kyela nao waliona bei za mnadani zikipanda. Muokota ubuyu hana mnada. Anapangiwa na lori litakalotangulia kufika kijijini, na jirani yake kijiji cha pili anapangiwa bei nyingine. Mkulima wa kwanza akisikia keki ya chokoleti imepanda bei mjini, ana pa kuulizia. Wa pili hata hajui kuwa kuna aiskrimu.

Tusidanganyane pia kwamba kila cha asili ni endelevu. Iliki inayonukia kwenye vitumbua vyetu ina historia yake. Usambara Mashariki, watu walifyeka mimea ya chini msituni ili wapande iliki kivulini mwa miti mikubwa. Ukipita kwa mbali unaona msitu umesimama. Ukiingia ndani unakuta miche ya kurithi nafasi ya miti mizee haipo. Sehemu ya misitu ya kule sasa imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Iliki ni yetu kabisa, ya nyumbani kabisa, na bado iliula msitu. Kashata za hapa getini nazo zinapikwa kwa mkaa, wakati taifa limejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Na juisi za mtaani zinauzwa kwenye chupa za maji zilizookotwa na kuoshwa, Mungu anajua kwa nini. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, chupa zikabaki zinaziba mitaro.

Hapo niseme kitu ambacho kitawaudhi wapenzi wa asili: kinywaji kilichokuwa na utaratibu bora wa vifungashio hapa nchini ni soda ya chupa ya kioo. Unakunywa pale pale dukani au unaacha hela ya chupa, chupa inarudi kwenye kreti, kreti inarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa tena. Wazazi wetu walirudisha chupa miaka yote hiyo bila kuhudhuria semina hata moja ya mazingira. Mgahawa wa Msasani ulikuwa unatoa juisi ya kubeba kwenye vikombe vya plastiki vilivyochapishwa jani la kijani.

Nirudi kwenye sifa, maana mgahawa ule ulikuwa nazo. Uliheshimu msimu. Ilikuwa Agosti, wateja wanataka juisi ya embe, Shangazi anawatumia ujumbe kupitia mhudumu: hamna, subirini Novemba. Wengine walinuna. Wakaletewa machungwa ya Muheza yaliyokamuliwa saa hiyo hiyo, na sikumbuki aliyerudisha glasi. Kumwambia mteja mwenye hela zake kwamba kitu hakipo kwa sababu msimu wake haujafika kunahitaji moyo, na hilo ningependa tuliige neno kwa neno. Kantini yetu kubwa ina “juisi ya embe” miezi 12. Someni maandishi madogo kwenye boksi.

Sasa tuje getini kwetu.

Kila asubuhi, upande wa kushoto ukitoka, kuna mama wa togwa. Mnamfahamu. Ametokea Songea, amekaa pale tangu kabla sisi wa mwaka wa tatu hatujaja. Uji wake ni wa mahindi. Ukishapoa anatia kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa, kisha anauacha uchachuke mpaka kesho yake. Hatii sukari. Utamu unatoka kwenye kimea, kinachouvunja wanga wa uji ukawa sukari, na uchachu unaletwa na bakteria wa lakitiki, jamaa wale wale wa mtindi. Watafiti wa hapa nchini na wenzao wa nje wameichunguza togwa tangu miaka ya 1990, wakaona ule uchachu unavikalia vibaya vijidudu vya kuharisha. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei kupaa, juisi zote getini zilipanda bei au zikapungua utamu. Togwa ilibaki shilingi 500 kikombe, na kikombe ni cha bati, unakunywa unarudisha.

Pembeni yake kuna dada wa vitumbua na kashata, na mzee wa madafu. Nazi na madafu vinatoka Mkuranga. Dada anamjua kwa jina anayemletea nazi, anamlipa siku hiyo hiyo, wakati mwingine kabla. Ukiondoa mkaa, ambao nimeshausema, huu ndio mgahawa ulioelezwa kwenye tangazo. Umeshafunguliwa. Unachokosa ni paa, bomba na friji.

Na pendekezo linasemaje juu yao? Kifungu cha 7: “wafanyabiashara wasio rasmi wataondolewa umbali wa mita 200 kutoka geti kuu ili kulinda uwekezaji.” Kifungu cha 4 kinataka mwombaji awe na mtaji wa shilingi milioni 20, uzoefu wa miaka 3 wa kuendesha mgahawa, TIN, leseni na hati ya kutodaiwa kodi. Sina ugomvi na TIN wala leseni, vinapatikana. Hiyo milioni 20 ndiyo geti lenyewe.

Juzi nilimwamkia mama wa togwa, nikamuuliza kama amesikia habari za kantini. “Marahaba mwanangu. Nimesikia wanaleta vinywaji vya asili,” akasema, akacheka, akaendelea kuosha vikombe.

Najua hoja itakayotolewa bungeni, na ni ya kweli: usafi. Dar es Salaam ilipopigwa na kipindupindu kuanzia Agosti 2015, uuzaji wa vyakula na juisi barabarani ulipigwa marufuku maeneo mengi, na hakukuwa na utani. Hatari ya juisi ya ukwaju haiko kwenye ukwaju, iko kwenye maji ya kulowekea, barafu, na ndoo ya kuoshea vikombe. Mama wa togwa anabeba maji kwa ndoo kutoka bomba lililo nyuma ya maktaba, na mlinzi akiwa na siku mbaya anamfukuza. Kisha tunakaa vikao kusema hawa watu si wasafi. Mtu asiye na bomba utamdai usafi wa namna gani? Kumpeleka mita 200 mbali zaidi na maji ndiko kutaleta ugonjwa tunaouogopa.

Na tusisahau friji. Kantini kubwa ina friji zuri la kampuni ya soda, lililotolewa kwa sharti kwamba hakiwekwi kinywaji kingine ndani. Nimeona kwa macho yangu muuzaji akificha chupa za juisi ya ukwaju kwenye ndoo ya barafu chini ya kaunta, anazitoa kama magendo. Kama mwekezaji mpya ataruhusiwa kusaini sharti la aina hiyo, basi hizo picha za juisi nyekundu tuzitunze kwa kumbukumbu.

Ninachoomba si kikubwa. Kantini ndogo igawanywe vibanda vinne au vitano badala ya kukodishwa yote kwa mtu mmoja. Chuo kiweke bomba, sinki na friji la chuo lenyewe, kodi ikatwe kwa wiki badala ya kudaiwa miezi 6 mbele. Walioko getini wapewe nafasi ya kwanza, wakipimwa afya kama sheria inavyotaka na wakihama kutoka mkaa kwenda gesi; mtungi na jiko vinaweza kukopeshwa na kukatwa kwenye kodi hiyo hiyo. Wakijiunga kikundi na kukisajili, wanaweza hata kuuzia chuo. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Chuo chetu kinanunua vitafunwa vya vikao karibu kila wiki. Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya mabadiliko ya tabianchi pale ukumbini, tukapewa juisi ya boksi, maji ya chupa ya plastiki na biskuti zilizotoka nchi ambayo sijawahi kufika. Watu 120. Hebu fikiria vikombe 120 vya togwa na vitumbua 240, vimelipwa siku ile ile.

Na kama Wizara inang'ang'ania mwekezaji mmoja, sawa, basi vifungu viwili viandikwe upya. Cha kwanza, malipo kwa msambazaji mdogo ndani ya siku 7, na ikishindikana mkataba ufe. Cha pili, kila anachokiita cha ndani kwenye menyu kiandikwe kinakotoka na bei aliyonunulia, kwenye ubao, kwa chaki, pale pale kaunta. Asiyetaka kuandika bei asituwekee picha ya mama mwenye kilemba.

Mbunge wa bweni letu amekubali kuviwasilisha vyote viwili Alhamisi, ila ameniambia kura za mabweni ya upande wa chini bado hazijulikani, kwa hiyo mnaokaa kule msemesheni mbunge wenu kabla ya Jumatano jioni. Mama wa togwa nilimpitia tena nikamweleza habari ya vibanda. Hakuuliza habari ya kodi wala ukubwa wa kibanda. Aliuliza kama lile bomba litakuwa na mita yake kila mtu au watachangia bili, kwa sababu yeye anaosha vikombe kutwa nzima na wenzake hawatakubali. Sikuwa na jibu, nimeliandika kwenye orodha ya maswali kwa Waziri.